Ng'weli: Safari ya Magharibi na Kufunguliwa kwa Mapori ya Geita

Katika lugha ya Kisukuma pande nne za dunia zina majina ambayo pia hutumika kuwataja watu na nchi zao: sukuma ni kaskazini, dakama ni kusini, kiya ni mashariki na ng'weli ni magharibi. Jina la kabila lenyewe limetokana na mpango huo, kwa kuwa waliokaa upande wa kaskazini waliitwa hivyo na majirani zao Wanyamwezi, na mtu wa Shinyanga au Maswa alipotaja nchi ya ng'weli katikati ya karne ya 20, kila msikilizaji alifahamu kwamba yanazungumzwa mapori yaliyo ng'ambo ya ghuba ndefu ya Ziwa Victoria inayoitwa Smith, yaani nchi ya Uzinza ambayo leo sehemu yake kubwa imo katika Mkoa wa Geita. Mazungumzo haya yanahusu watu waliokwenda huko kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1930, na kwa wingi zaidi baada ya Vita Kuu ya Pili, wakiwa na mifugo, mbegu na watoto, ili kufungua ardhi ambamo ng'ombe hawakuweza kuishi.

Simulizi za uhamaji wa magharibi zilizoenea duniani ni zile za Marekani ya Kaskazini, ambako kati ya miaka ya 1840 na kukamilika kwa reli ya kuvuka bara mwaka 1869 mamia ya maelfu ya watu walisafiri kwa magari ya kukokotwa na maksai, yaani ng'ombe dume waliohasiwa, katika njia iliyofika kilomita 3,200 hadi Oregon, na miongoni mwa waliofia njiani kipindupindu kiliua wengi kuliko jambo jingine lolote. Afrika Mashariki nayo imewahi kuona magari ya namna hiyo, hasa mwaka 1908 pale kundi la Makaburu waliokuwa wakiongozwa na Jansen van Rensburg liliposhuka Mombasa, likapanda treni hadi Nakuru, kisha likapanda kwa magari ya maksai hadi uwanda wa Uasin Gishu ambako baadaye ulizaliwa mji wa Eldoret. Safari ya Wasukuma haikufanana na hizo kwa umbali wala kwa vyombo, kwa sababu kutoka Kwimba au Shinyanga hadi Geita ni mwendo ambao kwa sehemu kubwa hauzidi kilomita 200, na wengi waliufanya kwa miguu, mizigo ikiwa kichwani na baiskeli ikiwa mali ya wachache. Hata hivyo, idadi ya waliohama na ukubwa wa nchi waliyoigeuza vinaipa safari hiyo haki ya kuwekwa pamoja na uhamaji mkubwa wa karne iliyopita, na inasikitisha kwamba wanafunzi wengi wa Tanzania huyafahamu magari ya Oregon kupitia filamu kabla hawajasikia kwamba babu zao walivuka Ghuba ya Smith.

Ili kuelewa kwa nini watu walihama ni lazima kwanza kueleza kwa nini magharibi palikuwa pori. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 sotoka, ugonjwa wa virusi unaoua ng'ombe na wanyama pori wenye kwato, ulipita Afrika Mashariki yote na kuangamiza sehemu kubwa ya mifugo, ukafuatwa na njaa, ndui na misukosuko ya kuingia kwa utawala wa Wajerumani. Penye watu wachache na mifugo michache, vichaka havikatwi wala nyasi hazilishwi, na katika vichaka hivyo hurudi mbung'o, nzi mwenye kunyonya damu ambaye wenyeji wengi humwita pia ndorobo. Nzi huyo hueneza vimelea vinavyosababisha nagana kwa ng'ombe na malale kwa binadamu, kwa hiyo pori linalomhifadhi haliwezi kukaliwa na mfugaji mmoja mmoja. Atakayeingia na ng'ombe 20 atawaona wakikonda, manyoya yakisimama na machozi yakitiririka, hadi wa mwisho atakapoanguka. Malale yaligunduliwa Maswa mwaka 1922, na katika miaka ya 1920 na 1930 serikali ya Tanganyika iliwahamisha watu wa maeneo kadhaa ya magharibi na kuwakusanya katika makazi maalumu, jambo ambalo liliwaokoa baadhi yao dhidi ya ugonjwa lakini pia liliyaachia mapori nafasi ya kusonga mbele.

Shinyanga yenyewe ndiyo iliyokuwa shule ya kupambana na mdudu huyo. Charles Swynnerton, aliyeanza kazi Tanganyika kama mkuu wa idara ya wanyama pori, aliufanya mji huo kuwa makao ya utafiti wa mbung'o, na katikati ya miaka ya 1920 watemi, yaani wafalme wa Kisukuma, waliwaita raia wao kwa maelfu kwenda kukata vichaka kwa zamu katika msimu wa kiangazi. Swynnerton alifariki kwa ajali ya ndege mwaka 1938, na aina moja ya mbung'o, Glossina swynnertoni, ina jina lake hadi leo. Somo lililopatikana hapo, ambalo raia wenyewe walilifahamu kabla ya wataalamu kuliandika, ni kwamba shoka moja halifukuzi mbung'o: eneo lililofyekwa na kuachwa bila wakazi huota upya ndani ya miaka michache, bali eneo lililofyekwa, likalimwa, likachungiwa na kukatwa kuni kila siku na kaya nyingi zilizokaribiana hubaki salama. Wingi wa watu ndio uliokuwa dawa, na jambo hilo linageuza picha ya mwanzilishi kama mtu jasiri anayeingia porini peke yake, kwa sababu katika nchi ya ng'weli mtu wa peke yake alishindwa.

Upande wa mashariki hali ilikuwa kinyume. Katika Shinyanga, Maswa na Kwimba miti ilikwisha kwa kukatwa kwa ajili ya kufukuza mbung'o, kwa mashamba ya pamba na kwa kuni, hata wanawake wakapikia kinyesi kikavu cha ng'ombe na mabua. Udongo wa luseni, yaani mchanga mwepesi wa miinukoni, ulichoka kwa kulimwa mfululizo, na ule mweusi wa mabondeni ambao Wasukuma huuita mbuga ulikuwa mgumu kwa jembe la mkono, ukipasuka wakati wa jua na kunata wakati wa mvua. Serikali ya kikoloni ilianzisha mwaka 1947 Mpango wa Maendeleo ya Usukuma, ambao makao yake yaliwekwa Malya na ambao ulichimba malambo ya maji, ukahimiza matuta ya kuzuia mmomonyoko, ukashurutisha upunguzaji wa mifugo na ukafungua rasmi ardhi ya Geita ili kupunguza msongamano. Wakulima waliyapokea malambo na ardhi kwa furaha, wakayachukia masharti, na mpango huo ukasitishwa katikati ya miaka ya 1950 ukiwa umeacha mambo mawili makubwa: maji na njia ya magharibi.

Safari ya kaya moja haikuwa tukio la siku moja, na huenda hapa ndipo maandishi ya kiserikali, ambayo huhesabu waliofika tu, yanapopoteza maana ya jambo lenyewe. Kwa kawaida mwanamume au kijana wake alitangulia kwenda kuona nchi, akafikia kwa ndugu au mtani aliyemtangulia, na kwa kupitia kwake akajitambulisha kwa ng'wanangwa, kiongozi wa kijiji aliyekuwa chini ya mtemi na mwenye mamlaka ya kugawa ardhi. Akionyeshwa mahali, alichuna magome ya miti mikubwa kuzunguka shina ili ikauke ikiwa imesimama, akafyeka vichaka, akachoma mwishoni mwa kiangazi, na mvua za kwanza zilipodondoka juu ya majivu akapanda mihogo na viazi vitamu, mazao yasiyohitaji kungojewa na mtu. Baada ya hapo alirudi mashariki. Mwaka uliofuata, mavuno yalipokwisha na mito ikiwa imekauka, yaani kati ya Juni na Septemba, ndipo mke na watoto walipofungasha.

Mizigo waliyoibeba inastahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu kila kitu kilichochukuliwa kilikuwa kimeshinda vingine vilivyoachwa. Jiwe kubwa la kusagia liliachwa na dogo likachukuliwa, kwa kuwa mawe makubwa yapo kila mahali ila lile dogo lililokwisha kuzoea kiganja cha mwenyewe halipatikani upesi. Zilibebwa mbegu za mtama, uwele, karanga na njugu mawe ndani ya vibuyu vilivyozibwa kwa majivu au kinyesi cha ng'ombe ili bungua asiingie. Kilibebwa chakula cha njia, hasa michembe, yaani viazi vitamu vilivyokatwa vipande vibichi na kukaushwa juani, pamoja na matobolwa, yaani vile ambavyo huchemshwa kwanza ndipo vikakaushwa na ambavyo msafiri huweza kuvitafuna akiwa anatembea bila kuhitaji moto wala maji mengi. Kilibebwa pia kitu ambacho mgeni angekiona ni takataka: vipande vya matawi ya manyara, mti wenye utomvu mweupe unaowasha macho, ambao ukichomekwa ardhini hushika hata bila kumwagiliwa na ndani ya miaka michache huwa ua wa kijani unaoizunguka kaya, ukizuia fisi usiku na ng'ombe mchana. Kupanda manyara kulikuwa ndilo tangazo la kwamba hapa pamekuwa nyumbani.

Ng'ombe walikuwa tatizo gumu kuliko yote, na busara iliyotumika juu yao inaonyesha kwamba wahamaji hawakuwa watu wa kubahatisha. Mfugaji hakuondoka na kundi zima. Sehemu kubwa ilibaki mashariki kwa ndugu na marafiki kwa utaratibu uitwao kubilisa, ambao ni kumkabidhi mtu ng'ombe ili awatunze na kupata maziwa na samadi huku umiliki ukibaki kwa mwenyewe, na wachache ndio waliopelekwa kwanza kama kipimo. Kwa kuwa mbung'o huuma zaidi mchana, wachungaji waliwavusha ng'ombe katika mikanda ya pori wakati wa usiku, wakipumzika kulipokucha mahali palipo wazi penye moshi, na vijana wa miaka 12 au 15 ndio waliofanya kazi hiyo, wakitembea nyuma ya kundi gizani katika nchi yenye simba. Kama ng'ombe wa kwanza waliishi msimu mzima wa mvua bila kukonda, habari zilirudishwa mashariki na wengine wakaletwa. Kama walikufa, kaya iliendelea kulima kwa jembe la mkono na kungoja majirani waongezeke hadi pori lirudi nyuma. Gari la maksai na plau vilikuja kwa wingi baadaye, wakati mapori yalipokuwa yamekwisha kufunguka na nzi amepungua, kwa hiyo katika Geita gari la ng'ombe lilikuwa matokeo ya kazi ya wahamaji wa kwanza wala si chombo chao cha safari.

Miaka mitatu ya kwanza ndiyo iliyokuwa safari yenyewe, ingawa miguu ilikuwa imesimama. Nguruwe pori walichimbua mihogo usiku na nyani walivuna mahindi mchana, hivi kwamba familia iligawana zamu za kulala shambani juu ya dungu, yaani jukwaa la miti lililoinuliwa kutoka ardhini, mwenye zamu akiwa na debe tupu la kugonga na rundo la mawe. Maji yalifuatwa mbali katika visima vilivyochimbwa kwenye mchanga wa mito mikavu. Homa za malaria ziliwapata watoto waliotoka kwenye nyanda kavu, na mzazi alipokuwa mgonjwa wakati wa kupalilia, shamba zima lilimezwa na magugu na njaa ikawa ya mwaka mzima. Katika hali hiyo kazi ya mwanamke ndiyo iliyoamua kama kaya itakaa au itarudi, kwa sababu yeye ndiye aliyejua kubana akiba ya michembe ifike mwezi wa Februari, aliyetambua majani ya porini yafaayo kwa mlenda, na aliyejenga kwa ukarimu wake ujirani ambao bila huo hakuna aliyeweza kukopa mbegu. Ripoti za zama hizo humtaja mlipa kodi, ambaye alikuwa mwanamume, na kwa hiyo humwacha nje mtu aliyebeba nusu nzito zaidi ya uanzilishi huo.

Msaada mwingine ulitoka katika taasisi ya vijana. Kila kijiji cha Kisukuma kilikuwa na umoja wa vijana chini ya kiongozi aitwaye nsumba ntale, na umoja huo ulilima shamba la mwenye kuhitaji kwa malipo ya ng'ombe mmoja, mbuzi au karamu, wakilima kwa mstari mmoja huku ngoma ikiongoza majembe. Wahamaji waliutengeneza upya umoja huo katika nchi ngeni kabla hawajajenga kitu kingine cha pamoja, na kwa njia hiyo watu waliotoka Maswa, Shinyanga na Kwimba, ambao mashariki walikuwa raia wa watemi mbalimbali, walijikuta katika mstari mmoja wa jembe.

Nchi hiyo haikuwa tupu, na jambo hili halipaswi kupitwa haraka. Wazinza walikuwa na watemi wao, mashamba yao na uvuvi wao kando ya ziwa, na Warongo walikuwa wahunzi ambao majembe yao ya chuma kilichoyeyushwa kwa mkaa yaliuzwa hadi Usukuma miaka mingi kabla ya jembe la dukani. Inawezekana kabisa kwamba familia fulani iliyotoka mashariki iliingia katika pori la Geita na jembe ambalo chuma chake kilikuwa kimetoka pori hilohilo. Ndoa, utani na biashara viliunganisha wengi, lakini kwa hesabu ya watu Wazinza walizidiwa katika nchi yenye jina lao, na Kisukuma kikawa lugha ya minada na magulio. Wamarekani wamechukua zaidi ya karne moja kukubali kusema wazi kwamba nchi waliyoiita tupu ilikuwa na wenyewe. Hakuna sababu ya historia ya Geita kungoja muda kama huo.

Ardhi mpya ililipa kwa pamba. Mbegu bora zilizotoka katika kituo cha utafiti cha Ukiriguru zilistawi katika udongo uliokuwa haujachoka, na mavuno ya Geita yalikuwa miongoni mwa sababu za kukua kwa haraka kwa pamba ya Jimbo la Ziwa katika miaka ya 1950. Wakulima waliokuwa wakipunjwa katika mizani walijiunga na vyama vya ushirika vilivyoongozwa na Paul Bomani, na mwaka 1955 vyama hivyo vikaunda shirikisho lililojulikana kama Victoria Federation of Co-operative Unions, ambalo lilikuwa miongoni mwa mashirika makubwa ya ushirika barani Afrika. Dhahabu ilikuwepo pia, kwa kuwa mgodi wa Geita wa zama za ukoloni ulifanya kazi tangu miaka ya 1930 hadi 1966, lakini wahamaji wengi waliutazama kama mahali pa kupata fedha ya kodi au ya kununua ng'ombe, si kama sababu ya kuhama. Picha ya leo, ambapo jina la Geita humaanisha dhahabu kwanza na shamba baadaye, ni ya karibuni zaidi.

Tukio la mwaka 1958 linaonyesha ni jamii ya aina gani iliyokuwa imezaliwa porini humo. Serikali ilipotaka kuweka katika Geita baraza la wilaya lililochanganya wajumbe wa Kiafrika, Kiasia na Kizungu, katika wilaya ambayo karibu wakazi wote walikuwa Waafrika, wakulima walikataa, wakakusanyika kwa maelfu na wengi wakaandamana hadi Mwanza kudai kusikilizwa, na polisi wakatumia mabomu ya machozi. Chama cha TANU kilikuwa kimenyimwa usajili katika Usukuma tangu mwaka 1954, na upinzani wa Geita ulichangia kuifanya serikali irudi nyuma. Haielekei kuwa ni bahati kwamba moto huo uliwaka magharibi. Watu waliokwisha kuacha mtemi wa kuzaliwa, wakachagua jirani na kufungua ardhi kwa mikono yao, hawakuwa wepesi wa kupangiwa baraza na mtu aliyeifikia nchi hiyo baada yao.

Baada ya uhuru kazi ya shoka ilianza kudai malipo. Mapori yaliyofunguliwa yaliendelea kusogea hadi Bukombe, Runzewe na mipaka ya Biharamulo, kisha operesheni ya vijiji ya mwaka 1974 ikazikusanya kaya zilizokuwa zimesambaa, na udongo wa Geita ya kwanza ukaanza kuchoka kama ule wa mashariki. Shinyanga kwa upande wake ilitangazwa na wataalamu kuwa hatarini kugeuka jangwa, hata mwaka 1986 ukaanzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, unaojulikana kwa kifupi kama HASHI, ambao ulifanikiwa pale ulipoacha kuhubiri miche ya kigeni na kufufua ngitili, utaratibu wa kale wa Wasukuma wa kutenga malisho yapumzike wakati wa masika ili yaliwe kiangazi. Maelfu ya hekta za miti zimerejea kwa njia hiyo katika nchi ambayo babu waliikimbia kwa kukosa kuni.

Wengine hawakungoja miti irejee. Tangu miaka ya 1970 njia imegeuka kuelekea dakama, kwenye bonde la Rukwa, Katavi, Usangu na Kilombero, na mara kadhaa wahamaji hao wameondolewa kwa nguvu, kama ilivyotokea Usangu mwaka 2006 na 2007, kwa hoja kwamba mifugo yao inakausha mito. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake, lakini ina uzito tofauti kwa watu ambao mwaka 1947 waliambiwa na serikali kwamba kufungua pori ni maendeleo. Ghuba ya Smith, ambayo baadhi ya waliotangulia waliivuka kwa mitumbwi na wengine wakaizunguka na ng'ombe wao, tangu mwaka 2025 inavukwa kwa dakika chache juu ya daraja la kilomita 3 kati ya Kigongo na Busisi. Na mpita njia anayetoka hapo kwenda Geita akitazama kando ya barabara huona, katikati ya mashamba yasiyo na nyumba yoyote, miraba ya manyara mirefu iliyobaki imesimama mahali ambapo kaya ilikuwepo, ikakaa muda wake, ikafungasha tena na kuondoka, bila shaka ikiwa na vipande vya manyara hayohayo katika mzigo.